Ng'ambo Isiyo na Feri

Mdogo wangu alikuja kwangu Kaloleni, Kisumu, Jumamosi moja, barua ya kazi ameikunja ndani ya Biblia, akaniambia, "Mwalimu, nifundishe Lebanoni." Alikuwa ametoka kwa wakala mjini. Zilibaki wiki mbili aende Beirut kufanya kazi za nyumbani, na hakujua hata iko upande gani wa ramani.

Mimi nafundisha shule ya msingi, na mtu akiniomba nimfundishe jiografia huwa nasahau kila kitu kingine. Nilisukuma kando sahani ya omena, nikafungua atlasi yangu ya zamani ambayo wanafunzi walishaing'oa jalada. Nikamwonyesha. Magharibi ni bahari ya Mediterania. Milima inafuatana na pwani kutoka kaskazini hadi kusini, kisha linakuja bonde la Bekaa lenye mashamba, kisha milima tena, halafu Syria. Kusini ni Israeli. Watu huzungumza Kiarabu, na wengi wanajua Kifaransa. Kuna Waislamu na kuna Wakristo, wote wa madhehebu mengi. Milimani theluji huanguka, na mtu anaweza kuiacha huko asubuhi akala chakula cha mchana ufuoni, maana nchi yenyewe ni nyembamba.

"Ndogo aje?"

"Ziwa letu lingeimeza zaidi ya mara sita."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Sasa hiyo ni nchi ama ni beach?"

Kisha akauliza, "Na nikitaka kurudi, natoka huko aje?"

"Kwa ndege, vile utakavyoenda," nilimjibu. Sikuinua hata macho kutoka kwenye atlasi. Nilikuwa natafuta jina la mto.

Mama yetu alikuwa akiishi Luanda Kotieno, hatua chache kutoka mahali feri ya Mbita inapotia nanga, na maisha yake yote aliuza samaki waliokaushwa. Aliposikia Lebanoni alipiga vigelegele. Aliijua kutoka kanisani: ile ya mierezi, iliyompa Sulemani mbao za kujengea hekalu. Aliwatangazia akina mama wenzake kwamba binti yake anaenda nchi ya Biblia. Nilipomwambia ni nchi ndogo, akafurahi zaidi. "Basi hawezi kupotelea huko," alisema.

Sisi kwa Kijaluo tuna neno *loka*. Ni ng'ambo, na kama ilivyo ng'ambo ya Kiswahili, linabeba mambo mawili. Aliyepanda feri kwenda Mbita yuko loka, na aliyepanda ndege kwenda Ulaya yuko loka. Mama hakuwahi kuona haja ya kuyatenganisha hayo mawili. Nilimsahihisha mara moja, kwa ukali wa kimwalimu, akanitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kwake ng'ambo ilikuwa vile vilima anavyoviona akitoka mlangoni, na anayeenda huko asubuhi anarudi jioni na mzigo wake.

Mdogo wangu alipofika Beirut, alikuwa akipiga simu Jumapili tu, kwa dakika chache. Mama aliuliza kila mara kama ameiona mierezi. "Kwenye bendera, Mama," alijibu. Kanisa nalo alikuwa akiliona kutoka roshani ya ghorofa ya tano, kengele yake anaisikia, lakini kutoka nje hakuruhusiwa. Siku moja aliniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Pasipoti iko kwa Madam. Alichukua siku ile nilifika."

"Afadhali," nilisema. "Kwake haitapotea."

Hilo neno nililisema mimi, kwa mdomo wangu huu. Yeye akaniuliza kuhusu mahindi.

Mwaka wa pili Mama aliugua. Nilimhudumia Luanda Kotieno wakati shule zimefungwa, na siku za mwisho akili yake ilikuwa ikienda na kurudi. Alasiri moja aliniomba nimvalishe rinda lake la kanisani. Akakaa kitandani, mikono magotini, akaniuliza, "Nyara, chogo anakuja na feri ya saa ngapi?" Nyara ni binti yangu, na chogo ni kitinda mimba, mdogo wangu.

Ningemwambia nini? Miaka yote nimewafundisha watoto wa watu ukweli wa ramani. Nikamjibu, "Ya saa kumi, Mama."

Feri ya saa kumi ilikuja, tukasikia honi. Akatazama mlango. Alikata roho kesho yake asubuhi akiwa na rinda lilelile, kwa sababu alikataa kulivua.

Kwetu mzazi hazikwi mpaka watoto wafike. Tulimweka mochari Kisumu tukamsubiri kitinda mimba. Nilipompigia mdogo wangu alilia mpaka nikadhani simu imekatika. Jumapili iliyofuata akasema, "Madam amesema nimalize kandarasi kwanza."

Ndipo nikajifunza kile ambacho atlasi yangu haikuwa nacho. Kule wanakiita kafala: mfanyakazi wa nyumbani yuko chini ya aliyemwajiri, na bila idhini yake ni vigumu kutoka. Niliandika barua, nikapiga simu ofisi hii na ile. Kila mmoja alinielekeza kwa mwingine. Baba yetu mdogo, ambaye ndiye aliyesimamia mazishi, alinipigia kila jioni. "Mwalimu, tupe tarehe. Tarehe tu." Sikuwa nayo. Wiki ya tatu akaacha kuuliza, wakachimba kaburi.

Pale kaburini mchungaji alituita tutie udongo kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nikatia mimi, akatia kaka yetu. Kisha mchungaji, ambaye hakuwa wa kwetu, akaita kwa sauti, "Kitinda mimba!" Hakuna aliyeitika. Watu wakainamisha vichwa. Nikainama nikachota udongo wake, na nilipofika ukingoni vidole vikakataa kufunguka. Niliona kuutupa ni kama kusema mdogo wangu harudi tena. Nikatoka nao mkononi, na kaka yangu akanipisha.

Jumapili aliuliza, "Waliniita?"

"Walikuita."

"Nani alitupa udongo wangu?"

"Hakuna. Niko nao kwenye mkebe wa majani chai."

"Niwekee," alisema.

Kandarasi ilipoisha, Madam aliiongeza yeye mwenyewe. Mkebe uko juu ya kabati langu hapa Kaloleni, na mimi nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi, kwa hiyo sehemu yake kubwa inanirudia mwenyewe.

Muhula uliopita tulifika nchi za Mediterania. Nilichora ile pwani, nikachora milima na lile bonde, kisha nikaandika ubaoni swali ambalo halimo kitabuni: Mtu anatokaje huko?

Msichana wa dawati la mbele alikuwa wa kwanza kuinua mkono. "Kwa ndege, Mwalimu," alisema.

Darasa zima likanitazama, likisubiri niseme kama amepata. Nikageukia ubao nikaanza kufuta.