Matiri hela ipo, wa kuchimba ngolo ndio hawapo

Wakuu, habari zenu. Haya nimeyaona kwa macho yangu Machi hii iliyopita. Anayetaka yaliyotiwa chumvi atafute uzi mwingine.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Matiri, nakaanga chipsi hapa Mbinga mjini. Mama tulishamzika. Wadogo zangu wameolewa Songea. Nyumbani kabaki baba peke yake.

Kuna watu humu mnasema vijijini kumejaa umaskini tu. Kwetu siyo hivyo. Bei ya kahawa imepanda, bati mpya kila upande, sola juu.

Ila nyumba nyingi zina kufuli. Shule niliyosoma, darasa la kwanza linaenea madawati ya mbele. Vijana wakimaliza shule wanaondoka, hasa wasichana. Mimi mmojawapo.

Sasa kwa msiojua kilimo cha Wamatengo: milimani kwetu tunalima ngolo. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba shamba zima. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba, na kwa udongo huo anazifukia zile nyasi. Linabaki shimo, mvua ikinyesha maji yanatulia humo na udongo haukimbii. Juu ya nyasi zilizofukiwa tunapanda maharage.

Mwanaume achimbe ngolo? Atachekwa mpaka kanisani.

Baba akanipigia simu. "Mwanangu, nyasi nimeshalaza. Wa kuchimba sina."

Nikamtumia hela aweke vibarua. Nikajua yameisha.

Akapiga tena. "Hela nimepata, asante. Watu ndio hawapo. Kila nyumba inawatafuta haohao."

Bila maharage yale hana mboga ya mwaka, na kuhamia kwangu mjini alishakataa. Nikafunga banda, nikapanda bodaboda.

Njiani nikaona mlima umejaa miraba ya nyasi, shamba baada ya shamba. Zimeshakauka, hazina udongo juu. Wanaume wamemaliza kazi yao, wanawasubiri wanawake ambao tuko mjini tunakaanga chipsi. 

Baba nilimkuta shambani, ameinama, anachimba!

Kaanzia nyuma ya migomba ili wapita njia wasimwone. Mashimo yenyewe yamepinda, mengine hata kuku hafichiki. Nikamwamkia.

"Marahaba. Hivi mama yako alikuwa anaanzia upande gani?"

Wakuu, miaka yote ya ndoa yao kalaza nyasi kwenye shamba lile, na hilo hakuwahi kuliangalia. Nililia palepale. Kisha nikavua viatu, nikashika jembe, nikamwonyesha.

Mchana akapita jirani yetu, mzee rika la baba, naye mjane. Akasimama. Baba akainamisha kichwa, wote tukasubiri kicheko.

Mzee akatazama weee, halafu akasema, "Binti, ukimaliza kwa baba yako, njoo unionyeshe na mimi."

Shamba halikuisha lote. Jumatatu nilirudi kwenye chipsi zangu, na baba akaendelea mwenyewe, safari hii upande wa barabarani.

Nilichojifunza: hela tunatuma, ni jambo jema, lakini mwaka huu kwetu haikupata mtu wa kumlipa. Kipato cha kijiji msikipime kwa bati tu, ulizeni nani analala chini yake.

Wanaume wa Umatengo mliomo humu, semeni ukweli: mngeshika jembe?