Nyumba ya Mama Mkwe Niliibomoa Mimi

Nyumba ya mama mkwe wangu niliibomoa mimi, si mgambo. Shemeji yangu alifungwa miezi sita kwa sababu ya uongo huo, nami nikanyamaza! Nitukaneni, nastahili.

Tulikaa Zombo, kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu. Kwetu milimani ardhi hupita kwa akina mama, na mwanamume akioa huhamia ukweni. Nilikwenda na jembe na blanketi. Miaka kumi na moja nililima pale, na bado waliniita mgeni.

Shule yetu iliishia darasa la nne. Binti yangu Debora alikuwa karibu kulimaliza, wa kwanza darasani. Upande wa Rudewa, kwenye mkonge, palikuwa na kijiji cha ujamaa chenye shule mpaka darasa la saba. Nikasema tuhamie huko.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alinijibu mbele ya watu. "Baba Debora, hawa watoto ni wa kwetu. Mimi mjomba ndiye nasema waende wapi. Wewe ukitaka shule, nenda ukasome!"

Watu wakaangua kicheko. Mke wangu naye alicheka! Nyumbani akaniambia, "Mama akiwa na nyumba hapa, mimi sitoki."

Neno hilo ndilo nililolishika.

Siku zile za operesheni, mgambo walikuwa wakibomoa nyumba za waliogoma kuhamia vijijini. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa ndani ya mpaka wa kijiji, haikuhusika. Jumapili moja wote walipokwenda kanisani, nikajisingizia homa. Niliezua nyasi, nikasukuma kuta zikaangukia vyungu vyake. Waliporudi nikasema, "Mgambo wamepita."

Mama mkwe hakulia. Alipiga magoti akaanza kuokota vigae. Shemeji akachukua rungu, akamvunja mkono mgambo wa kwanza aliyekutana naye, mtu wa Mvumi.

Mahakamani yule mgambo aliapa, "Nyumba hiyo hata siijui!" Watu wakamzomea. Na mimi nikazomea! Mimi!

Tukahamia Rudewa, na mama mkwe pamoja nasi. Alikufa kabla ya masika ya pili, akiuliza nani sasa anapalilia migomba yake. Na mwaka huohuo shule ya Zombo ikaongezewa darasa la tano. Ningengoja tu, jamani!

Mzazi unayetaka kuhama kwa ajili ya shule, hama. Gombana na wakwe, kubali kuchekwa, ondoka peke yako na mwanao ikibidi. Ila usidanganye. Mimi nilipata shule, na tangu hapo siwezi kumtazama mke wangu usoni.

Debora alimaliza la saba, akaingia ualimu. Mwezi uliopita alipelekwa kufundisha Mvumi. Ameandika kwamba amepanga chumba kwa mzee mpole mwenye mkono uliopinda, na kwamba mzee huyo amemuuliza baba yake ni nani.

Barua hiyo sijaijibu.