Chupa Miguuni pa Bibi

Juzi nilikuwa napita Majengo na keki ya mteja, mikono imenikakamaa kwa kuogopa kuinamisha boksi, nikakutana na harufu ya mafuta ya taa. Fundi baiskeli mmoja alikuwa ameketi kibarazani anaosha mnyororo kwenye kopo la rangi lililokatwa. Nilisimama. Watu wakanipita kushoto na kulia, bodaboda akanipigia honi, mwisho fundi mwenyewe akainua kichwa.

"Dada, unauza au unanunua?"

Nikacheka ili nisionekane nimechanganyikiwa, nikaendelea na safari. Lakini rafiki yangu, ni miguu tu iliyokuwa Majengo. Mimi mwenyewe nilishafika kwetu Ruhuwiko, kwenye sebule yetu ya zamani, siku mdogo wangu alipotimiza miaka miwili.

Wakati ule umeme ulikuwa kama mgeni: ukija tunafurahi, ukiondoka hatushangai. Kila nyumba ilikuwa na chemli yake, na kila nyumba ilikuwa na chupa ya mafuta ya taa. Ya kwetu ilikuwa chupa ya soda, imezibwa kwa kipande cha gunzi, inakaa juu dirishani jikoni. Mtoto alitumwa dukani na chupa ile, akarudi ameishika shingo, ameiweka mbali na nguo asije akachapwa. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Mtaa mzima ulitunza mafuta hivyo.

Na bibi yangu, mzaa baba, alinukia mafuta ya taa. Nasema hivyo kwa mapenzi. Kwake Lusewa umeme ulikuwa haujafika, taa ilikuwa mikononi mwake kila jioni, basi khanga zake zilibeba harufu tatu: moshi, karanga za kukaanga na mafuta ya taa. Akishuka kwenye basi na kikapu chake cha mihogo, nilimkimbilia nikaficha uso tumboni mwake, nikavuta pumzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Na mume wetu yuko wapi? Mbona haji kunipokea mzigo? Jamani, nimeolewa na mwanamume mvivu!"

Mume mwenyewe, yaani mdogo wangu, ndiyo kwanza alikuwa anatembea kama bata. Akisikia sauti ile alikuja mbio, anaanguka, anainuka, na bibi alimnyanyua akamuuliza mbele ya watu wote nyama ya wiki hii iko wapi.

Inabidi nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kwa nini watu wazima walihangaika kiasi kile kwa ajili ya keki. Kati yangu na mdogo wangu alikuwapo mtoto mwingine. Hakufika miaka miwili. Tangu mdogo wangu azaliwe, mama aliishi kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Alimgusa paji la uso kila alipopita. Alilala mkono wake ukiwa kifuani mwa mtoto. Aliweka nadhiri kwamba akivuka miaka miwili atamkatia keki, watu waje, wamwone yuko hai. Bibi hakupenda. "Mtoto hatangazwi," alisema, "mtoto anakuzwa kimya." Lakini alipanda basi akaja, tena na jogoo.

Siku yenyewe ilianza vibaya, na kwa muda mrefu ubaya wake ulikuwa wa kuchekesha.

Keki tuliipika kwa mkaa. Mama aliweka mchanga kwenye sufuria kubwa, akaingiza ndani sufuria ndogo yenye keki mbichi, akafunika kwa sinia, halafu juu ya sinia akapanga makaa mekundu. Sheria ilikuwa moja: moto wa chini mdogo, moto wa juu mkubwa. Mimi nilipewa kupepea, na nilipepea kama niliyekabidhiwa roho ya mtu. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Asubuhi nilishapanga chupa za soda mezani ili majina yote yatazame mlangoni, nikarudi kuzipanga tena, na tena, mpaka mama akanifukuza.

Mvua ikaja mchana. Unaijua mvua ya Songea ikiamua: bati linaunguruma mpaka hamsikilizani. Bati la jiko letu lilikuwa na tundu, na tone la kwanza likatua juu ya makaa. Tukaanza kusogeza jiko, sinia likainama, kaa moja likateleza likazama ndani ya keki. Ilipotoka ilikuwa imebonyea katikati na upande mmoja mweusi kama gurudumu. Nililia kwa sauti.

Bibi akaitazama, akaizunguka. "Keki ni kama mume," akasema. "Geuza upande mzuri uwaonyeshe wageni."

Hatujamaliza kucheka, jogoo akakata kamba, akaruka mezani. Chupa mbili zikavunjika na safu yangu yote ikaanguka. Jirani yetu mwalimu, aliyehamishiwa Songea kutoka mkoa mwingine na ndiye aliyemfundisha mama mambo ya keki, alikuwa anaingia mlangoni na mwavuli uliogeuka nje ndani.

"Na huyu naye kaalikwa?"

"Huyu ndiye mgeni rasmi," bibi akajibu. "Bila yeye hakuna mtakachokula."

Baba hakuwapo. Alikuwa dereva wa lori la makaa ya mawe, na barabara ilimzuia huko alikokuwa. Tulikuwa sisi, mwalimu, na majirani wachache waliolowa. Kabla mshumaa haujawashwa radi ikapiga, umeme ukakatika, na giza la mvua likaingia sebuleni alasiri ile utadhani ni magharibi.

"Mama, tuwashie chemli," mama akamwambia bibi. "Mimi nimebeba mtoto."

Bibi akaleta taa na chupa. Aliketi mkekani, akafuta kioo kwa pindo la khanga, akajaza mafuta, akawasha. Chupa akaiweka chini, haijazibwa, karibu na mguu wake. Mwanga ukapanda ukutani, wote tukasema aaa. Namkumbuka hivyo, uso wake umeinama juu ya taa, mzuri mno.

Halafu mwalimu akatangaza kulishana keki. Kama hujawahi kuiona shughuli hii nyumbani kwetu, ni hivi: mtoto anamlisha kila mtu kipande, na kila mtu naye anamlisha yeye. Mdogo wangu alikuwa mdogo mno kulishwa keki na watu wote, basi wakabuni jambo: akishakulisha, unampa tone la soda yako. Alielewa mara moja. Alikwenda kwa mwalimu, akamsukumia keki mdomoni, akaokota chupa yake miguuni, akanywa, akapigiwa makofi. Akaenda kwa jirani wa pili, keki, chupa, makofi. Soda ilimpanda puani akapiga chafya, nyumba nzima ikacheka. Mama alikuwa analia huku anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Mkono wake, ambao siku zote ulikuwa unamtafuta mdogo wangu, ulikuwa umetulia juu ya paja.

Mwisho akafika kwa bibi.

"Nilishe, mume wangu. Leo nimeonekana!"

Akamlisha. Bibi akafumba macho, akatafuna taratibu, akatikisa kichwa kama anayekula asali, ili kumfurahisha. Na mdogo wangu akafanya kama alivyofundishwa. Aliinama, akachukua chupa iliyokuwa karibu na mguu wa mtu aliyemlisha, akanywa.

Hata makofi yalianza. Nakumbuka hilo. Mtu mmoja gizani alianza kupiga makofi.

Kisha kile kikohozi. Siwezi kukielezea, na nimejaribu. Bibi alifumbua macho, akaona, akamkamata mtoto na kumtia kidole kooni, kwa sababu huko alikokulia mtoto aliyekula kitu kibaya anatapishwa, na watu wamepona hivyo. Alitapika. Harufu ikajaa chumba. Mama alimnyakua, mwalimu akatoka mvuani bila viatu kutafuta bodaboda, na nilichosikia ni bibi akisema, "Ametoa, mkwe wangu, ametoa yote, tazama, ametoa."

Pikipiki iliwachukua mama na mtoto. Sisi tulifuata kwa miguu, tope hadi vifundoni, bibi amenishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba vidole vilikufa ganzi. Hospitali tulimkuta mama kwenye benchi la nje ya wodi, khanga inachuruzika maji. Ndani mdogo wangu alikuwa amewekewa mpira wa hewa puani, mbavu zinaingia na kutoka kama za mbwa aliyekimbizwa.

Daktari alitoka. Alikuwa kijana, amechoka.

"Nani amemtapisha?"

Tulikuwa sote pale. Bibi alikuwa amesimama karibu na nguzo. Nilimwona anafungua mdomo.

"Mimi," akasema mama.

"Usirudie tena, mama. Mafuta ya taa hayatapishwi. Yakirudi juu yanaingia kifuani, na kifua ndicho kinachoua. Sasa tusubiri."

Mama akaitikia, "Sawa, daktari," akatazama sakafu. Bibi akafunga mdomo. Aliketi chini palepale penye nguzo, kwenye saruji, na ingawa benchi lilikuwa na nafasi, hakuna aliyeweza kumfanya akae juu.

Mdogo wangu alipona. Nakuambia mapema kuliko nilivyoambiwa mimi, maana nisingependa usubiri kama tulivyosubiri. Homa ilimkaa siku nyingi, kisha ikamwachia. Mpaka leo, kijana mrefu wa sekondari, baridi ya Juni ikiingia anakohoa kikohozi kile kile, na mama anaacha alichoshika.

Baba aliporudi, bibi alikuwa ameshafunga mzigo. Nilikaa kizingitini nikawasikiliza.

"Mama, subiri kidogo. Hakuna aliyekulaumu humu ndani."

"Ni kweli," akasema bibi. "Hakuna aliyenilaumu."

Akainuka, akajitwika kikapu chake. Mdogo wangu alimkimbilia akitaka kubebwa. Bibi alimgusa kichwani tu kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama imepoa. Hakumwita "mume wangu". Hakumwita hivyo tena, na hakulala tena kwetu. Tulimtembelea sisi Lusewa, akatupikia, akatufungia karanga, akauliza habari za kifua cha mtoto kwa heshima, kama anayeuliza habari za mgonjwa wa nyumba nyingine. Mama naye hakulizungumza. Nadhani aliamini kwamba lile "mimi" la hospitali lilimaliza kila kitu. Alitaka kumfunika bibi, na bibi alilipokea kama mlango uliofungwa taratibu. Wote wawili walikuwa watu wema. Hilo ndilo linaloniumiza nikiwa nakoroga unga.

Keki ya kuzaliwa haikukatwa tena nyumbani kwetu. Ajabu ni kwamba leo mimi ndiye ninayezipika, za watoto wa watu. Nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu na unga mwingi ulioharibika. Nikipeleka keki kwenye nyumba ya mtu natazama sakafu kwanza, kisha madirisha, kisha miguu ya viti. Nimeshawahi kuokota chupa ya maji sebuleni kwa watu nikainusa mbele ya mwenye nyumba. Wananiita fundi wa wasiwasi. Sawa.

Bibi alifariki mwaka jana wakati wa mavuno ya mahindi. Majirani wa Lusewa walisema alianguka kutoka kwenye kigoda, nyonga ikavunjika, hakuinuka tena kitandani. Tulidhani ni uzee. Nani angeuliza kikongwe alipanda kigoda kufuata nini?

Baada ya mazishi mama na mimi tuliingia kufagia chumba chake. Kigoda kilikuwa bado katikati ya chumba. Mama akakitazama, halafu akainua macho, nami nikafuata macho yake. Juu kabisa kwenye boriti lilining'inia dumu dogo la njano, limefungwa kwa kamba ya katani, mafundo matatu. Lilikuwa na mafuta ya taa. Katika nyumba ile hakukuwa na mtoto. Hakuna mtoto aliyelala pale tangu sisi tulipokuwa wadogo. Kila jioni ya miaka yote ile, mwanamke yule alipanda, akafungua mafundo, akajaza taa, akapanda tena, akafunga.

Mama alipanda kigoda mwenyewe. Alilishusha dumu, akaketi nalo mapajani kitandani kwa bibi, amelikumbatia kama mtu anayembeleza mtoto.

"Mama," akasema, "si ungeniambia."

Hakukuwa na mwingine chumbani ila mimi, na hakuwa anasema na mimi.

Sasa nyumba ile ya Ruhuwiko ina wapangaji, tundu la bati limezibwa, na sijui chemli iliishia wapi. Watoto wa leo hawaijui hata harufu ile, na namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini nilipofikisha keki ya mteja juzi nilirudi kwa njia ile ile, sikuwa na sababu. Fundi alikuwa bado anaosha minyororo. Nikasimama karibu, nikafumba macho, nikavuta pumzi, na harufu iliyomtesa mdogo wangu ikanifunga kama khanga, na nilitaka kukimbia, na nilitaka kuficha uso ndani yake.