Mwenye Gobori la Mkunya

Babu yetu alizaliwa Mkunya akaitwa Mrisho, na jina hilo alilitumia mpaka mjomba wake Halfani alipofariki. Siku ya kuanua matanga wazee walimkalisha kwenye mkeka mpya, wakampaka unga wa mtama kipajini, wakamwambia: kuanzia leo wewe ni Halfani. Si kwamba umeshika nafasi ya Halfani, la. Ndiye. Akapewa shamba la mihogo na gobori la kufukuzia nguruwe, akapewa na mambo yote ya marehemu: ahadi zake, ugomvi wake na jirani, hata safari zake za zamani. Mama yake mzazi, Somoe, aliyekuwa mdogo wake marehemu, akaanza kumwita kaka. Wanawake wakaacha kulia, maana Halfani alikuwa amerudi. Kwetu ndivyo watu walivyofanya, na mimi sioni la kuchekesha hapo.

Gobori lenyewe lilikuwa na cheti. Mjomba alikuwa amelipeleka Lindi kwa Wadachi, wakalipiga alama mtutuni na kumpa karatasi yenye jina lake. Babu aliirithi karatasi pamoja na gobori, akaona mambo yamekamilika.

Kisha vikaja vita vya maji, watu walipowainukia Wadachi. Misheni ya Masasi ikachomwa, askari wakapita vijijini wakitia moto vihenge vya watu. Vita vilipotulia ikatangazwa amri huku Newala: kila mwenye bunduki ailete kwa akida pamoja na cheti chake. Mwenye cheti atarudishiwa. Asiye na cheti atahesabiwa kuwa alipigana, na waliopigana walikuwa wananyongwa. Majirani walifukia magobori yao porini. Babu aliwashangaa. Yeye ana cheti, afukie nini? Na bila gobori, nani angewazuia nguruwe wasimalize mihogo, chakula pekee kilichobaki? Akalitia begani, akaondoka na Somoe, ambaye hakutaka aende peke yake.

Akida alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, subira hana. Aliitazama karatasi, kisha akamtazama babu.

"Wewe ndiye Halfani?"

"Ndiye mimi, Bwana Akida."

"Cheti hiki ulikichukua lini?"

"Mwaka wa nzige. Nilikwenda Lindi kwa miguu, goti likinisumbua njia nzima."

"Mwaka wa nzige wewe ulikuwa mtoto, hata jandoni hujaingia!"

Babu akakubali kwamba hilo nalo ni kweli. Alikuwa mtoto, na Lindi alikwenda. Hakuona vipi mambo hayo mawili yagombane. Akida akamgeukia Somoe.

"Mama, huyu ni nani wako?"

"Kaka yangu, Bwana. Halfani."

"Nani alimzaa?"

"Mimi."

Askari wakaangua kicheko. Akida hakucheka, alidhani anafanyiwa mzaha. Laiti ningekuwepo nikamweleza, ingawa sijui ningeanzia wapi. Hata sasa nikisimulia kichwa kinanizunguka.

"Nisikilize vizuri," akida akasema. "Sheria ya Mdachi inampa cheti mtu mmoja. Akifa, na cheti kimekufa. Kama Halfani amekufa, sema amekufa, liache gobori hapa, nami nitaandika kwamba umelisalimisha kwa hiari yako. Ukishikilia kwamba wewe ni Halfani, umeiba cheti cha mtu, na kamba iko pale nje."

Babu aliogopa, hilo hakulificha mpaka uzeeni. Lakini zaidi ya kuogopa alichanganyikiwa. Nikisema Halfani amekufa, alijiuliza, atakuwa amekufa nani? Na huyu anayesema atakuwa nani? Alimtazama mama yake ili amsaidie. Somoe alikuwa ameinamisha uso.

"Halfani alikufa," babu akasema.

"Na wewe?"

"Mimi Mrisho."

Akida akaridhika. Askari akalichukua gobori, akalitupa juu ya mengine kwenye kona.

Hapo Somoe akafungua kilemba chake, akaketi mchangani, akapiga yowe la msiba. "Kaka yangu! Kaka yangu amekufa!" Wanawake waliokuwa uani wakingoja zamu za waume zao wakamkimbilia, wakalia naye, maana kwenye yowe la namna ile mtu haanzi kuuliza. Akida akainuka kitini, akataka kujua aliyekufa ni nani.

Babu akachuchumaa mbele ya mama yake, akamshika mikono.

"Mama," alimwita. "Mama, ni mimi."

Somoe alimkazia macho kwa muda, kisha akamvuta kifuani kwa huruma, kama mzazi aliyetumwa kumpa mtoto habari mbaya.

"Jikaze, mwanangu," akamwambia. "Mjomba wako ametutoka."

Na babu, ambaye tangu alipopewa lile jina hakuwahi kumlilia mjomba wake kwa kuwa mjomba alikuwa ni yeye, akalia palepale mbele ya watu.