Jiwe la Mshale la Itiryo

Nilipokuwa mtoto kule Itiryo, miaka ya hamsini, nyuma ya boma letu kulikuwa na jiwe ambalo hatukuruhusiwa kulikalia. Lilichongwa mstari, na chini ya mstari mshale ulioelekea juu. Bibi Robi, mama yake baba, alisema wageni walioichonga alama ile zamani walifungia humo uhai wa mlima, maana mwaka huohuo ugonjwa wa sotoka ulimaliza ng'ombe.

"Wakirudi, atakayewaonyesha jiwe hili," alituonya, "atazika mtu wa nyumba yake."

Kisha wapimaji wakaja kuitafuta, Mzungu mmoja na karani wake. Walipita jiwe kwa jiwe wakisugua kwa brashi, na kwa kuwa mlima wetu umejaa mawe yenye nyufa, kila ufa uliwadanganya. Bibi alikuwa ametandika ngozi ya ng'ombe juu ya jiwe lenyewe, akaanika ulezi.

"Shikamoo, mama," karani alisema. "Tunatafuta jiwe lenye mshale."

"Marahaba. Mawe ni mengi, mwanangu. Chagueni."

Karani aliitazama ngozi, akamtazama bibi. Bibi naye akamkazia macho.

Aliyeinua ngozi ni baba mdogo Marwa. Aliwahi kufanya kazi ya barabara huko Musoma, akaziona alama kama hizo.

"Mama, hii ni ya kupimia kimo cha mlima tu. Wakiipata wataondoka."

Mzungu alipiga magoti, akapitisha kidole ndani ya mshale, akacheka kwa furaha. Bibi alikusanya ulezi wake uliomwagika.

Kabla ya mavuno yaliyofuata, Mwita, mtoto wa baba mdogo niliyekuwa nikichunga naye ndama, alikufa kwa surua. Bibi hakulia. Alisema tu, "Niliwaambia." Ikatosha. Majirani hawakuja kuchimba kaburi. Baba na baba mdogo walichimba wenyewe. Baadaye baba mdogo akamchukua mkewe, wakahamia Kisaka.

Leo nina wajukuu. Najua surua ile ilipita hata ng'ambo ya mto, kwa watu wasiowahi kuliona jiwe letu. Hata hivyo siwacheki wazee wale. Mtu akija kupima ardhi yako bila kukuambia anaipimia nini, utakosaje kushuku?

Nilipokuwa mwanamke mzima nilimfuata baba mdogo Kisaka, nikamuuliza kama alimchukia mama yake.

"Alama niliionyesha mimi, sikatai," alisema. "Lakini Mwita alikuwa mjukuu wake. Angemlilia kwanza, halafu ndipo anilaumu."

Nilijikuta namlilia Mwita palepale, kwa sauti, kama msiba ni wa jana. Baba mdogo aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika, wala hakuninyamazisha.