Mtu wa Kumi Alipoondoka Xiaobei

Harufu ya gundi ya ngozi ndiyo iliyotangulia kila Sabato ya utoto wangu. Baba alirudi nayo kutoka viwanda vya mikoba vya Shiling Ijumaa alasiri, imemganda kwenye mikono ya shati, kwa kuwa alishinda huko akikagua mikoba kabla haijafungwa kwenye maboksi ya kwenda Arusha. Hata baada ya kuoga aliibeba hadi chumba cha sala. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya tano ya jengo la kupanga huko Xiaobei, mtaa wa jiji la Guangzhou nchini China, juu ya mgahawa wa tambi na ofisi ya wakala wa mizigo: kabati moja la vitabu, viti vya plastiki, na pazia lililotutenga sisi wanawake. Mama alilishona kwa kitambaa cha bitana, kile kinachowekwa ndani ya mikoba. Lilikuwa jembamba, na mimi, mtoto wa miaka kumi, niliwaona wanaume kupitia humo kama vivuli vyenye sauti.

Tulikuwa Wayahudi wa Arusha, wajukuu wa watu waliohama Yemeni, na Guangzhou tulifuata biashara kama wenzetu wote. Wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou chumba kilifurika wanunuzi wageni, wengine wakisimama hadi kwenye ngazi. Maonyesho yakiisha, walibaki wanaume kumi, na kikohozi cha mmoja kikawa habari ya wote. Sina budi kulieleza hili kwa uangalifu. Kwa sheria yetu mfiwa hawezi kusoma Kadishi, sala ya waliofiwa, mpaka wawepo wanaume kumi. Wakiwa tisa, anakaa kimya na msiba wake. Tena hatuwahesabu watu kwa tarakimu, ni mwiko. Anayehesabu hutamka mstari wa maneno kumi, neno moja kwa kila kichwa, na neno la mwisho likishapata mtu wake, kitabu hufunguliwa.

Msimu ule aliyehesabu alikuwa Mzee Naftali, mzaliwa wa Nairobi, muuza zipu na bizimu za mikoba. Mwanawe wa pekee, Eli, alikuwa amefariki katika ajali kwenye barabara ya Shiling. Kwa desturi baba humsomea mwana mwezi mmoja tu, lakini Eli hakuacha mtoto wa kumsomea, kwa hiyo mzee alijitwika miezi yote kumi na mmoja ambayo mtoto humsomea mzazi wake. Kila asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, alipanda ngazi zile akihema, akawangoja wenzake mlangoni.

Vibali vyetu vya kuhamia Israeli vilifika mama akiwa na ujauzito mkubwa. Baba alitangaza Sabato hiyohiyo, baada ya sala, watu wakiwa bado wanakunja mashuka yao ya ibada.

“Tunarudi nyumbani,” alisema. Nimekifikiria sana kitenzi hicho, kwa maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga huko.

“Lini, laoban?” Mzee Naftali aliuliza, akimwita bosi kwa Kichina kama walivyozoea kutaniana sokoni.

“Alhamisi, Mzee.”

“Basi kabati hili tulivalishe suti, lisimame mahali pake,” mtu mmoja alisema, na wachache wakacheka.

“Kabati halijui kuitikia amina,” mzee alijibu. Yeye hakucheka, akamgeukia baba na kumwita kwa jina langu. “Zimenibakia wiki tatu, Baba Tirza. Wiki tatu tu. Familia itangulie, wewe ufuate.”

Kivuli cha baba kiligeukia pazia. Hapo ndipo mama aliposimama, mkono mmoja kiunoni, akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa na mwanamke chumbani mle: alizungumza kutoka upande wetu.

“Shikamoo, Mzee Naftali.”

“Marahaba, mama.”

“Wangu hakusomewa hata mara moja. Mliniambia hajafikisha siku thelathini, mkashuka kwenda kufungua maduka. Yeye alingojewa na nani?”

Alikuwa akimsema mdogo wangu wa kiume, aliyezaliwa na kufa katika mji huu mwaka uliotangulia. Sheria yetu haimwombolezei mtoto mchanga kiasi kile, na hakuna aliyekosea sheria. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akimtaja.

“Mimi sizai tena hapa,” aliendelea, “na huko sizai peke yangu.”

Sufuria ziligongana mgahawani chini. Kisha mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali bei mbaya, “Nenda naye, Baba Tirza. Ana haki. Ila huko wanaume kumi wanapatikana hata kituo cha basi. Msomee Eli wiki zilizobaki.”

“Nitamsomea,” baba alisema.

Alhamisi asubuhi teksi ilingoja chini, mama akiwa ndani yake na mabegi. Nilipanda na baba kurudisha ufunguo wa chumba. Tulipofika mlangoni tulimsikia Mzee Naftali akitamka mstari. Alifika neno la tisa, akanyamaza. Akaanza upya, polepole zaidi, kama mtu anayetilia shaka macho yake, akanyamaza palepale. Baba alikuwa ameshika kitasa. Alikiachia, akainama, akausukuma ufunguo chini ya mlango, tukashuka.

Mdogo wangu Asafu alizaliwa kabla wiki zile tatu hazijaisha. Kulikuwa na ofisi za wahamiaji, foleni, nyumba isiyo na fanicha, kazi ya baba ghalani. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina la Eli. Najua kwamba kutosikia si ushahidi. Huenda alilisoma katika sinagogi ambalo sikuwamo. Nimelipima hilo pande zote, na muda wote huo ningeweza kumuuliza tu.

Sasa siwezi. Baba amefariki mwezi huu nikiwa hapa Guangzhou kwa utafiti wa uzamivu, na kwa desturi yetu alizikwa upesi, kabla sijapata ndege. Jana nilipanda zile ngazi za Xiaobei. Chumba kimekuwa stoo ya mikoba, na mlinzi hajawahi kusikia habari za mzee wa zipu. Nilisimama mlangoni nikampigia Asafu, ambaye sasa ana miaka kumi na saba na ndiye anayemsomea baba. Nilimuuliza kama watu wanatimia.

“Wanazidi, dada,” alisema. “Leo mmoja aliingia na mkate mkononi, akaitikia amina, akatoka.”

Nilifikiria vivuli tisa nyuma ya bitana. Harufu ya gundi ilikuwa ikipenya chini ya mlango, pale ulipopita ufunguo.

“Ukimsomea baba,” nilimwambia, “mkumbuke na mwingine. Eli, mwana wa Naftali.”

“Huyo ni nani? Baba hakuwahi kumtaja.”

“Ni mtu aliyekupisha,” nilisema.