Sufuria ya Ukungu

Ninyi watoto, kuna mumoja kati yenu mwenye alishaka kupika maharagi juu ya maji? Sisemi ndani ya maji, hiyo kila mutu anajua. Nasema juu ya ziwa, mbabula, ile jiko ndogo ya makala, inatikisika, moshi inakuingia ku macho, na watu wamejaa nyuma yako wanauliza, "Mama, iko tayari?" Hakuna? Nilijua. Basi mukae chini. Miguu yangu ilishachoka, mugongo ilishachoka, lakini mudomo, hapana, hii mudomo Mungu aliitengeneza na chuma.

Siku ya kwanza nilifika ku bandari ya Goma asubuhi sana, nimefunga kitenge mupya, viatu nimeshika ku mukono sababu njia yote ilikuwa mawe ya volkano na sikutaka kuviharibu. Nilikuwa musichana. Masomo yangu ilikuwa kidogo: nilijua kuandika jina yangu, kama karatasi iko kubwa. Mukubwa wa bato, ndiyo meli yetu, tulikuwa tunamuita Komanda, na jina yake ya kweli niliisikia siku ya kumuzika. Alinitazama kutoka kichwa mpaka miguu.

"Unajua kuogelea?"

"Hapana, Komanda."

"Unajua kupika?"

"Ndiyo, Komanda."

"Bon. Ukianguka, utawapikia sambaza kule chini. Ingia."

Sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa yetu, munakula na bugali kila siku. Watu wa bato wote wakacheka. Mie pia nikacheka. Mumoja tu hakucheka, kijana aliyesimama ku usukani. Alikuwa bareri, ndiyo kusema mutu mwenye kushika usukani na kuchagua njia. Akanipa mukono nipande. Yule ndiye koko yenu, babu yenu mwenyewe, Papa Riziki. Lakini ile siku niliona tu mukono ngumu kama mbao, sikuwaza mengine. Munacheka nini?

Ile bato ilikuwa ya mbao, inaenda Idjwi, ile kisiwa ya katikati ya ziwa, na kurudi. Jiko yangu ilikuwa nyuma, karibu na motere, ndiyo injini: moshi ya mafuta ya mazuti upande huu, moshi ya makala ya kupikia upande ule, mie katikati kama nyama ya kukausha. Mbabula hauiweke tu chini. Unaiweka ndani ya sanduku ya muchanga na unaifunga miguu na waya, sababu ikianguka, mbao inashika moto na maji yote ile inakutazama tu. Sufuria haujaze, unaishia katikati. Kifuniko unaikaza na kipande ya mupira ya pineu ya gari. Maharagi unachemshia ku nyumba, ku bato unamalizia tu. Muchele hapana, muchele inataka kutulia. Chakula ya bato ni bugali: unakaa chini, unashika sufuria na miguu mbili, na wimbi yenyewe inakusaidia kugeuza muiko. Angalieni hapa ku muguu. Hii alama yote ni bugali ya Idjwi.

Lakini kazi yenye ilikuwa inanitoa jasho, haikuwa kupika. Ku kiangazi, watu wanachoma mashamba ku milima, moshi inashuka, inakutana na ukungu ya asubuhi, basi inakuwa kama mutu amekufunika blanketi. Hauone Idjwi, hauone mulima wa moto, hauone hata pua ya bato. Honi yetu ilikuwa ilishakufa kabla mie nifike. Sasa ku ile bato, ukungu ikishuka, ni mupishi mwenye anafanya honi. Unachukua sufuria kubwa, tupu, unaigeuza, unapiga na muiko. Ngoo, ngoo, ngoo. Halafu unanyamaza, kusudi musikie kama kuna bato ingine mbele, ao mama mumoja ku kando ya ziwa anajibu na sufuria yake ya nyumbani. Wale mama wa Idjwi walikuwa wanajibuka. Hatukujuana sura, tulijuana sufuria.

Mara ya kwanza nilipiga vizuri, halafu nikaanza kumuelezea muzee mumoja ginsi ukungu inaniogopesha. Komanda akaja mbio.

"Mama! Kupiga, hata mutoto anaweza. Nilikuandika kazi ya kunyamaza!"

"Komanda, nilisema kidogo tu."

"Kidogo yako inatoka Goma inafika Bukavu. Nyamaza, bareri asikie!"

Kwa kweli, mie na Papa Riziki tulipendana katika ile kunyamaza. Nilikuwa napiga, nanyamaza, yeye anainua kichwa, anasema, "Kule." Anageuza usukani. Neno moja tu. Mwanaume wa neno moja na mwanamuke wa maneno elfu, munaona mutu anaweza kukosa kuolewa?

Baadaye wakanihamisha ku bato kubwa ya chuma, ile ya kwenda mpaka Bukavu. Kule kulikuwa Shefu wa Jiko, mutu wa tabliye nyeupe, ile nguo ya kujifunga mbele ku jiko. Siku nilifika alinikuta nimekaa chini na sufuria kati ya miguu. Akasema, "Mama, hapa hatusonge bugali kama tunazaa. Hapa kuna meza." Nikasimama ku meza. Nilisimama miaka mingi ile, watoto, mpaka miguu ikavimba na haikurudi tena. Chuma inashika joto, jua juu, moto chini. Nilizaa, nikarudi. Niliuguza, nikarudi. Masasi ya bunduki ikilia ku mujini, bato inasimama. Masasi ikinyamaza, wanatuita, tunawasha makala. Papa Riziki ku usukani, mie ku jiko, ku nyumba tunakutana tumechoka kama wageni wawili wanangojea bato ingine.

Halafu ikakuja kano rapide, ile bato ndogo ya mbio. Jeran, ndiye mwenye kusimamia bato, akaniita. Alikuwa kijana wa heshima, hakujua mikono aiweke wapi.

"Mama, sasa watu wanafika kabla ya kusikia njaa. Hatuwezi kupika tena."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo upumzike. Sufuria yako kubwa, uende nayo."

Niliibeba ku kichwa mpaka kwetu Majengo. Watu wakaniuliza kama kuna harusi. Nikaisukuma chini ya kitanda na nikaapa mbele ya Papa Riziki: mie na sufuria hatutapanda tena maji moja. Yeye naye hakukawia kuacha kazi. Macho ilikuwa inaingia giza pole pole. Munganga alimuambia mwangaza yenye ilishatoka hairudi, na ile kidogo yenye imebaki aichunge.

Sasa mutafikiri muzee kama huyu atakaa ku kiti. Alikaa. Kiangazi nzima alikaa ku mulango, uso ku barabara, mapikipiki inapita, hasemi hata lile neno yake moja. Nikaona mutu wangu anazimika. Ndiyo nikamuambia, "Papa Riziki, simama, twende ku maji." Mumoja wa marafiki zake, muvuvi, alikuwa na mutumbwi muzee, wenye hauwezi tena kazi ya kuvua usiku. Akatuachia. Tukaufunga kule Himbi, ku kando ya ziwa, chini ya ukuta wa ile nyumba kubwa ya wageni, kwenye Neema anapika. Neema munamujua, dada yenu, binti wa Riziki, mutoto wetu. Tabliye yangu ilimuangukia yeye.

Tangu pale, kila asubuhi ya kiangazi yenye miguu inakubali, tunashuka. Yeye anashika ngafi, ile kasia fupi. Mie nakaa mbele, ndiyo macho: "Kuume. Kushoto. Kuna jiwe." Tunabeba mahindi ya kuchemsha na chupa ya maji. Chakula baridi! Mie, mupishi, nakula baridi na nashukuru Mungu. Wavuvi wanatupita, wanatuchokoza.

"Koko, munaenda kuvua?"

"Hapana."

"Munaenda Idjwi?"

"Hapana."

"Sasa munaenda wapi?"

"Tunaenda kukaa!"

Wanacheka mpaka wanataka kuanguka. Lakini ndiyo kweli. Naweka miguu yangu ndani ya maji, ile miguu ya kusimama, na maji inaichukua kama mutu anakupokea muzigo ku njia. Papa Riziki anaacha ngafi, anafunga macho, anasikiliza ziwa. Wakati mwingine anacheka peke yake. Ku nyumba hachekake. Neema anatoka ku ukuta, anatupungia na kitambaa ya jiko, anarudi kwa masufuria yake. Baba yake, Riziki, hakupenda. "Mama, papa haone, wewe hauogelee. Munanitafutia kilio." Kila siku ile wimbo.

Basi asubuhi moja ikashuka. Sikuiona inakuja, nilikuwa nasema. Nilikuwa namuelezea Papa Riziki habari ya jirani yetu na mbuzi yake, nikageuka kumuonyesha Himbi na Himbi hakuna. Ukuta hakuna. Mulima hakuna. Hata yeye, kofia yake tu.

"Papa Riziki, ukungu."

"Nimesikia baridi. Piga."

Nikapapasa chini ya miguu yangu, kama vile sufuria iko pale.

"Mama Riziki, piga."

"Nipige nini? Sufuria iko chini ya kitanda!"

Tazama ginsi mutu anaweza kuapa kiapo ya bure. Tulikuwa na mahindi mbili na chupa ya plastiki. Nikapiga chupa ku mbao, ikalia tu, tup, tup, kama kuku anadonoa. Nikapiga makelele, ukungu ikaikunywa. Halafu tukasikia kano rapide, mbali, halafu si mbali. Ile kitu inakimbia, na mwenye kuiendesha anasikia motere yake tu. Wimbi yake ikatuinua, mutumbwi ukalala upande, maji ikaingia mpaka ku magoti. Nikaanza kutoa maji na mikono, nalia, nasali, nasema, vyote pamoja.

"Mama Riziki," akasema, pole pole. "Nyamaza."

Nikanyamaza. Yeye akainua kichwa, kama zamani. Maji ilikuwa inaniuma vidole. Na mie pia nikasikia, mbali sana, nyuma ya bega yangu:

Ngoo, ngoo, ngoo.

Halafu kimya. Halafu tena.

"Kule," akasema, na akageuza ngafi.

Hakuniuliza kuume ao kushoto. Alifuata ile sauti kama mutu anavuta kamba, na ukuta wa Himbi ukatoka ndani ya ukungu karibu kutupiga ku pua. Neema alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka ku mapaja, na tabliye yake, anapiga sufuria na muiko, machozi inatiririka, anapiga, ananyamaza. Mie sikumufundisha. Nilikuwa nawaelezea tu hizi habari hapa ku nyumba, na munaninungunikia, "Koko, tena ile ya sufuria?" Kumbe kuna mutu alikuwa anasikiliza.

Nyuma yake kulisimama bosi yake, madame wa pale, mikono ku kiuno.

"Neema! Hiyo ni sufuria ya wageni! Tazama, imeingia ndani kama kichwa ya mulevi!"

"Madame, ni wazee wangu."

Madame akatutazama, tumelowana, tunatetemeka. Akavua fulari yake, kitambaa ya kichwa, akanifunga ku mabega. "Waingie wapate chai," akasema. "Habari ya sufuria, tutaonana."

Jioni Riziki akafika Majengo na shoka. Sidanganye, shoka ku mukono. Akasema kesho asubuhi anaenda kupasua ule mutumbwi, tutapikia kuni yake. Nikataka kujibu, akaniambia, "Mama, leo hapana." Papa Riziki alikuwa ku kiti yake, uso ku mulango.

"Pasua," akasema. "Lakini ukimaliza, unikalishe na uso ku ukuta. Itakuwa sawasawa."

Maneno mingi vile, sikumusikia nayo hata siku ya ndoa yetu. Riziki akakaa ku kitanda, shoka kati ya magoti, akafunika uso. "Papa, mie nafanya kazi mbali. Siku ingine ikishuka, nani atawasikia?"

Neema, mwenye alikuwa ametusindikiza ku nyumba, akapiga magoti, akaingiza mukono chini ya kitanda, akavuta ile sufuria yangu ya bato, na kifuniko yake, na vumbi yote. Akasema hii itaenda kwa madame ku pahali pa ile yenye iliharibika, na atamuomba aitundike karibu na mulango wa kutokea ku ziwa. Kesho yake madame alikubali. Ile shoka ikapasua kuni ya kawaida, na mutumbwi uko pale mpaka leo. Asubuhi hii tu nilikuwa na miguu ndani ya maji. Nilishachoka, watoto, nilishachoka mpaka ndani ya mifupa, lakini pale ndipo kuchoka kwangu kunapata kitanda.

Mie naogopaka hata sasa. Lakini ile jioni, Neema alifuta kifuniko na kitenge yake, akaniwekea ku magoti.

"Koko," akaniambia, "wewe ubaki na kifuniko ku mutumbwi, mie nibaki na sufuria ku kando. Ukungu ikishuka, nitapiga, nitanyamaza mpaka nisikie kifuniko yako. Na siku yenye sitaisikia, nitapiga tu."